Mabano ya aljebra na ploti ya futi 50 kwa 100

MWANAFUNZI anayeweza kupima ploti mjini Rongo au Oyugis tayari anayo maarifa yanayohitajika ili kuzidisha mitajo ya aljebra. Hata hivyo, akikutana na herufi na mabano darasani, mara nyingi mwanafunzi huyo huyo huanza kudondosha vipande vya jibu njiani.

Hasara yake si ndogo. Katika mtihani wa KCSE, Hisabati ni somo la lazima, na tangu mwaka wa 2023 ni miongoni mwa masomo mawili ambayo hayakwepeki wakati wa kukokotoa gredi ya jumla. Chini ya mtaala wa umilisi, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 nao wanaendelea na somo hilo, ama kwa kina au kwa kiwango chepesi kulingana na mkondo waliochagua.

Mtajo wa aljebra ni mkusanyiko wa nambari na herufi, kama vile 3x au x + 5. Herufi husimama mahali pa nambari ambayo bado haijajulikana. Mtajo 3x una kipande kimoja. X + 5 una vipande viwili vinavyotenganishwa na alama ya kujumlisha.

Kuzidisha mitajo ya kipande kimoja ni rahisi: nambari kwa nambari, herufi kwa herufi. Shamba la miwa huko Awendo lenye upana wa 3x na urefu wa 4x lina eneo la 12x². Vipeo vya herufi moja hujumlishwa, havizidishwi. Hivyo, x² × x³ ni x⁵, kwa kuwa x imeandikwa mara mbili, kisha mara tatu, jumla mara tano.

Kikwazo huanza penye mabano. Tuseme shamba huko Ndhiwa lina upana wa 2x. Urefu wake umegawanywa: sehemu ya x ina miwa na sehemu ya 5 ina viazi vitamu. Eneo lote ni 2x(x + 5). Upana wa 2x unapitia miwa na viazi pia, kwa hivyo jibu ni 2x² + 10x. Anayeandika 2x² + 5 amezidisha upande wa miwa na kuusahau ule wa viazi.

Penye mabano mawili, ploti ya futi 50 kwa 100, kipimo kinachofahamika na kila mnunuzi wa ardhi nchini, hufafanua mambo vyema. Mwenye ploti akiongezewa futi 10 kila upande, upana utakuwa 50 + 10 na urefu 100 + 10. Eneo jipya lina vipande vinne: ploti ya awali, futi mraba 5,000, ukanda mmoja wa 500, ukanda wa pili wa 1,000, na kona ya 100. Jumla ni 6,600, sawa na 60 × 110.

Mwanafunzi anayezidisha vya kwanza kwa vya kwanza na vya mwisho kwa vya mwisho hupata 5,000 na 100 pekee. Amepoteza kanda zote mbili, futi mraba 1,500. Katika ardhi, kosa kama hilo lingezua kesi.

Ikiwa nyongeza haijulikani, iitwe x. Basi (50 + x)(100 + x) ni 5,000 + 50x + 100x + x², yaani 5,000 + 150x + x². Kanuni ni moja: kila kipande cha mabano ya kwanza hukutana na kila kipande cha mabano ya pili.

Alama ya kutoa nayo ina maelezo yake. Ikiwa barabara itamega x kutoka upande mmoja wa upana na mmoja wa urefu, eneo litakalobaki ni (50 − x)(100 − x), yaani 5,000 − 150x + x². Wengi huuliza kwa nini x² ni chanya ilhali ardhi imepungua. Sababu ni kwamba kona zinapokutana kanda hizo mbili imetolewa mara mbili, nayo lazima irudishwe mara moja.

Njia hii ya kutumia michoro si ngeni. Mwanahisabati al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa, alithibitisha hesabu zake kwa miraba na mistatili. Kitabu chake, ambacho neno al-jabr katika anwani yake ndilo lililozaa jina aljebra, kina pia sehemu za upimaji wa ardhi na ugavi wa urithi.

Kwa mtahiniwa, kuna njia fupi ya kujihakikishia jibu kabla ya kukabidhi karatasi: aweke nambari mahali pa x. Katika mfano wa barabara, x ikiwa 10, mabano yanatoa 40 × 90, yaani 3,600; jibu lililofunguliwa linatoa 5,000 − 1,500 + 100, vilevile 3,600. Pande mbili zikitofautiana, kuna kipande kilichoachwa nje au alama iliyogeuzwa, na bado kuna nafasi ya kukitafuta.