Uhuru wa Mnywaji na Kilichomo Ndani ya Gilasi

Juma hili, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya pombe, na hasa juu ya mahali ambapo mkono wa serikali unapaswa kukoma. Wapo wasemao mtu mzima anywaye kwa jasho lake asiulizwe. Wapo wasemao ipigwe marufuku, basi. Mimi sinywi, lakini nimeishi mjini vya kutosha kuyasikia yote mawili, mara nyingi kutoka kwa mtu yule yule: Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi.

Kenya ilijaribu marufuku. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuharamisha chang'aa, ikadumu miaka 30. Chang'aa haikuisha. Ilihamia vichochoroni, kwa mama pima, huku kijana akiwekwa njiani kuchungulia askari. Na askari akifika, mara nyingi aliondoka na kitu kidogo chake. Kinachouzwa gizani hakuna akipimaye. Novemba 2000 watu zaidi ya 130 walikufa katika mitaa ya wanyonge Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa pombe iliyotiwa methanoli.

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Harufu na ladha yake hukaribiana na za pombe ya kawaida, na hulevya vilevile. Ni baada ya saa nyingi ndipo mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mishipa ya macho. Ulimi hauwezi kuitambua. Sasa niambie, yule aliyenunua kumi kumi, gilasi ya shilingi kumi, alichagua nini? Alichagua kulewa. Upofu hakuuchagua, kwa kuwa hakuwa na njia ya kujua kwamba umo. Ndiyo maana nasema serikali haina haja ya kumfukuza mnywaji, lakini kwa muuzaji ina kazi kubwa, na kazi hiyo siihesabu kuwa ni kuingilia uhuru wa mtu.

Mwaka 2010 sheria mpya, iliyosukumwa na John Mututho, mbunge wa Naivasha, iliifuta ile ya zamani. Chang'aa ikawa halali, mradi iwe ndani ya chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, yenye onyo, wala isiuziwe walio chini ya miaka 18. Baa zikaamriwa kufunguliwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Wenye baa walilia sana juu ya saa hizo. Mimi sina ugomvi nazo, kwani jirani naye ana haki ya kulala. Shaka yangu ni ile chupa. Mwenye shilingi 20 mfukoni hainunui. Anarudi kwa mama pima.

Mei 2014 methanoli iliua tena makumi ya watu, Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 wakafa zaidi ya 10 Kirinyaga, na serikali yenyewe ikaeleza kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi, kilichotoka kituo cha polisi kikauzwa.

Yupo mama ambaye pesa za unga huishia kwenye gilasi. Huyo siwezi kumhubiria uhuru wa mumewe. Lakini askari akimkamata mume huyo, mama huongezewa faini ya kulipa. Heri angetangulia mkemia na vipimo vyake, akaionja hiyo pombe kwa chombo kabla watu hawajaionja kwa midomo.