"Mtoto Bado Hajui Kitu": Kauli Inayowapotezea Watoto Wetu Wakati



Baada ya darsa ya laasiri alinijia kijana mmoja aliyejaaliwa mtoto wa kwanza. Mtoto ana miezi mitatu, na mkewe humzungumzisha mchana kutwa. Akaniuliza: "Sheikh, huyu si anajichosha bure? Mtoto bado hajui kitu." Nilimwambia kuwa mkewe ndiye aliyepatia. Lakini kwa kuwa kauli hii naisikia katika majumba mengi, nimeona niieleze kwa urefu kidogo, kwani madhara yake hayaonekani siku ile ile. Huja yakaonekana baada ya miaka.

Ubongo huanza lini?

Ubongo huanza kutengenezwa mapema mno. Inapofika mwisho wa wiki ya nne tangu mimba kutunga, mrija ambao ndio asili ya ubongo na uti wa mgongo huwa umeshajifunga. Wakati huo akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Usipojifunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana madaktari humshauri mwanamke anayetarajia kushika mimba atumie vidonge vya foliki asidi, maikrogramu 400 kwa siku, kabla ya mimba yenyewe kuingia.

Miezi mitatu ya mwisho ya mimba, mtoto huwa anasikia. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walionesha kuwa watoto wachanga wasiotimiza siku tatu waliichagua sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwengine. Basi tunapomwadhinia mtoto sikioni, tujue kuwa sikio lile halikuanza kusikia siku hiyo.

Njia inayopitwa na njia isiyopitwa

Ubongo wa mtu mzima una takriban seli za neva bilioni 86, na nyingi katika hizo mtoto huzaliwa nazo. Kinachobaki kujengwa ni maungio baina ya seli na seli, ambayo wataalamu huyaita sinapsi. Hapo ndipo ujumbe unapovuka kutoka seli moja kwenda nyengine. Katika miaka ya mwanzo maungio mapya huzaliwa kwa kasi ya zaidi ya milioni moja kila sekunde.

Lakini si yote yanayobaki. Peter Huttenlocher wa Chuo Kikuu cha Chicago alizihesabu sinapsi kwa hadubini katika bongo za watu waliokwishafariki, wa umri mbalimbali. Mwaka 1979 alieleza kuwa mtoto mdogo ana sinapsi nyingi kuliko mtu mzima. Mfano wake ni njia za shamba: inayopitwa kila siku husafika, isiyopitwa huota majani mpaka ikapotea. Maungio yanayotumika huimarika, na nyuzi zake huvishwa utando wa mafuta unaoupitisha ujumbe kwa kasi. Yasiyotumika huondoshwa.

Mwalimu wa chuo analijua jambo hili bila ya hadubini. Mwanafunzi anayefanya muraja'a kila siku hifadhi yake hukaa. Anayeiwacha mwezi mzima hurudi nyuma.

Somo la jicho

Kuna mambo ambayo muda wake wa kujengeka ni mfupi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, waliwafunga watoto wa paka jicho moja kwa miezi michache tangu udogoni. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini paka hakuweza kulitumia kuonea, kwa sababu ubongo haukujenga njia zake. Paka mkubwa aliyefungwa jicho muda kama huo hakupatwa na dhara hilo.

Ndugu zangu, hili linatuhusu. Wako watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho. Mzazi huona weupe ndani ya mboni, akaambiwa asubiri, mtoto akikua utaondoka. Mtoto wa jicho mzito huhitaji kutolewa katika wiki za mwanzo za maisha. Akicheleweshwa miaka, daktari atalisafisha jicho, lakini ubongo utakuwa umeshakosa kujifunza kuona. Ukiona weupe katika mboni ya mtoto, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Na mtoto asiyeshtuka kwa kishindo wala kugeukia sauti, apimwe masikio.

Lugha nayo ina wakati wake. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionesha kuwa watoto wa miezi sita hadi minane waliolelewa kwa Kiingereza waliweza kupambanua sauti za Kihindi. Walipokaribia mwaka, wengi hawakuweza tena. Aliyewahi kuwasomesha watu wazima makharija ya herufi anaielewa tabu hii.

Na aliyechelewa?

Asikate tamaa. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kuhifadhi maelfu ya mitaa. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Ubongo wa mtu mzima nao hubadilika. Bibi anayeanza kusoma akiwa na miaka 60 hapotezi wakati wake. Atahitaji tu kurudia zaidi.

Tufanye nini nyumbani?

Zungumza na mtoto, na akitoa sauti mjibu. Simu haimjibu, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kuwa mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini. Mwache alale vya kutosha, kwani usingizini ubongo huyaimarisha aliyojifunza.

Na walimu wenzangu wa vyuo, tuweke bakora chini. Mtoto anayeishi kwa hofu, ubongo wake hushughulika na kujihami, na somo halipati nafasi. Tunaweza kumpiga ili ahifadhi, kumbe tunamzibia njia ya kuhifadhi.

Yule kijana nilimwambia arudi nyumbani, amchukue mtoto, naye azungumze nae. Akaniuliza: "Nimwambie nini?" Nikamjibu: lolote la kheri. Msimulie siku yako ilivyokwenda. Hakuelewi leo, lakini ubongo wake unajenga njia ambazo kesho atakuelewa kwazo.

Wallahu a'lam.