Karatasi ya marehemu: namna watu wanatafuta jamaa yao mu wosia za zamani za Uingereza

Mu mwezi wa 12 wa mwaka 1784, mu mji wa London, mwandishi Samuel Johnson alikuwa anakaribia kufa. Yeye njo alitoa, mwaka 1755, ile kamusi kubwa ya luga ya Kiingereza yenye ilimupatia sifa. Bibi yake alikuwa amekufa kitambo, na hakuacha mtoto. Siku chache mbele ya kufa, akafanya wosia, karatasi yenye manotere wetu wanaita testama. Sehemu kubwa ya vitu vyake, pamoja na feza pauni 70 kila mwaka, akaachia mutumishi wake mweusi, Francis Barber, mwenye alizaliwa mutumwa kule Jamaika.

Inasemwa Johnson aliuliza munganga wake: bwana mkubwa mwenye cheo anaachia mutumishi wake feza ngapi? Munganga akajibu: pauni 50 kwa mwaka inatosha. Johnson akasema basi yeye ataacha 70, apite hata wale wenye cheo. Wengi walinunguna. John Hawkins, mmoja wa wale wenye Johnson aliwapa kazi ya kusimamia wosia yake, aliandika mu kitabu maneno makali juu ya wema mkubwa namna ile kwa mtu mweusi.

Lakini wosia ile haiko peke yake. Kuko ingine ya mbele yake, ya Richard Bathurst, Mzungu mwenye alikuwa na shamba la miwa mu Jamaika. Yeye njo alimuleta Barber mu Uingereza, akiwa kijana mdogo, karibu mwaka 1750. Bathurst alipokufa, wosia yake ikamupa Barber vitu viwili: uhuru wake, na pauni 12. Na mu karatasi za kuuza lile shamba, watafiti waliona jina la mtoto mutumwa, Quashey. Wanafikiri ni yeye. Jina hili linatoka kwa watu wa inchi yenye leo inaitwa Ghana: wanalipa mtoto mwanaume mwenye amezaliwa siku ya yenga.

Nyuma ya kifo cha Johnson, Barber alihamia Lichfield, mji wa kuzaliwa wa bwana wake, pamoja na bibi yake Elizabeth na watoto. Alikufa mwaka 1801. Wazao wake wangali mu jimbo la Staffordshire mpaka leo. Ukikutana nao mu njia, utaona Wazungu tu. Lakini wao wanajua babu yao alitoka wapi, na sehemu ya ile habari inasimama juu ya karatasi mbili za watu wenye walikuwa wanajitayarisha kufa.

Njo kitu cha ajabu mu wosia. Hakuna mutu aliiandika kusudi wajukuu wa wajukuu wasome. Iliandikwa kusudi ng'ombe, kitanda na feza vifike kwa mwenye kupaswa kuvipata. Lakini juu ya ile kazi, ilikuwa lazima kutaja watu kwa majina, kusema nani ni nani kwa nani, na kila mmoja anakaa wapi. Kitabu cha ubatizo kinakuambia mtoto alizaliwa. Wosia inakuambia nani alimupenda.

Tarehe moja ya kushika mu kichwa

Mutu mwenye anatafuta babu yake mu Uingereza aanze na tarehe hii: 12/1/1858. Mbele ya siku ile, kazi ya kuhakikisha wosia ilikuwa ya kanisa. Askofu alikuwa na tribinali yake, na wakubwa wengine wa kanisa chini yake walikuwa na zao. Juu kabisa kulikuwa tribinali mbili za maaskofu wakubwa: ya Canterbury kwa upande wa kusini, na ya York kwa upande wa kaskazini. Kama marehemu alikuwa na mali ya kupita pauni 5 mu majimbo ya kanisa mawili ama zaidi, wosia yake ilipanda kwa askofu mkubwa. Na kama alikufa inje ya inchi, ku bahari ama mu makoloni, akiwa na mali Uingereza, dosie yake ilienda Canterbury.

Leo vitabu vya tribinali ya Canterbury vinalindwa ku Kew, pembeni ya London, mu nyumba kubwa ya arshive ya leta yenye inaitwa The National Archives. Wosia zaidi ya milioni moja zimo, kuanzia mwaka 1384 mpaka 1858. Unaweza kutafuta jina mu intaneti, hata kama umekaa Lubumbashi ama Bukavu. Zile za York zinalindwa ku Borthwick Institute, mu univerisite ya York. Za Wales ziko Aberystwyth, mu biblioteke ya taifa. Zile za tribinali ndogo, mara mingi ziko mu arshive ya kila jimbo. Scotland iko na sheria yake na karatasi zake. Haiingie mu hesabu hii.

Kuanzia 12/1/1858, leta ilikamata kazi ile mu mikono yake. Hapo mambo ni mepesi: kila mwaka orodha moja ya inchi muzima, Uingereza na Wales, majina yamepangwa kwa alfabeti. Kila mstari unatoa jina la marehemu, mahali alikaa, siku ya kufa, jina la mwenye kusimamia mali, na bei ya mali yenye aliacha. Hata mbele ya kufungua wosia yenyewe, mstari ule unaweza kukuonyesha binti aliolewa na nani, ama kijana alifanya kazi gani.

Kusoma bila kudanganyika

Kupata karatasi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuisoma, na hapo wengi wanaanguka.

Kwanza, tarehe. Mbele ya mwaka 1752, mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25/3, haikuwa 1/1. Wosia yenye imeandikwa mwezi wa kwanza wa 1648, kwa hesabu yetu ni mwezi wa kwanza wa 1649. Bila kujua hii, utaona mutu amekufa mbele ya kusainia. Kisha luga: wosia yenyewe mara mingi iko mu Kiingereza, lakini maneno ya tribinali chini yake yalikuwa ya Kilatini mpaka mwaka 1733.

Pili, majina ya ukoo. Tuchukue wosia ya William Shakespeare, ya tarehe 25/3/1616, kurasa tatu, mwezi moja tu mbele ya kufa. Ndani yake anataja Elizabeth Hall kwa neno lenye Waingereza wa leo wanatumia paka kwa binti wa ndugu. Lakini Elizabeth alikuwa mjukuu wake, mtoto wa Susanna, binti yake wa kwanza. Siku zile maneno ya ukoo yalikuwa mapana. Yule anaitwa mwana anaweza kuwa mkwe. Yule anaitwa mama anaweza kuwa mama mkwe. Sisi Wakongo jambo hili halitushangaze. Kwetu mtoto wa ndugu ni mtoto, na baba mdogo ni baba. Mutu mwenye amezoea kuuliza "baba mwenye alikuzaa, ama baba mdogo?" anaweza kusoma wosia hizi vizuri kuliko Mwingereza wa leo.

Mu ile wosia kuko nafasi moja wazi. Shakespeare anaachia watoto watatu wa dada yake Joan pauni 5 kila mmoja. Wawili wametajwa, William na Michael. Jina la wa tatu halimo. Ni kitabu cha kanisa cha Stratford njo kinatuambia aliitwa Thomas. Kwa hiyo karatasi moja haitoshe. Wosia inaonyesha kitabu cha ubatizo, ubatizo unaonyesha ndoa, ndoa inarudisha ku wosia ingine.

Tatu, usihukumu mbio. Shakespeare alimuachia bibi yake kitanda, haikuwa kile kizuri kuliko vyote, ni cha pili. Watu wamecheka sana juu ya kitanda hiki. Lakini mu nyumba nyingi za wakati ule kitanda cha kwanza kilikuwa cha wageni, cha pili kilikuwa cha bwana na bibi. Vilevile, ukisoma kama baba amemuachia kijana wake shilingi moja tu, usiseme paleale walikosana. Pengine kijana alikuwa amepewa sehemu yake siku ya kuoa, na shilingi ile ni ya kuonyesha tu kama baba hakumusahau, asije kesho kusumbua wengine ku tribinali.

Ingine ya kutafuta ni orodha ya vitu. Kwa miaka mingi, kutoka sheria ya 1529 mpaka kati ya karne ya 18, majirani walipita mu nyumba ya marehemu, chumba kwa chumba, wakiandika sufuria, shuka, kondoo, bei ya kila kimoja. Kwa orodha ile utajua kama babu alikuwa mufuma nguo ama mulimaji, na kama alilala juu ya majani ama juu ya manyoya.

Wenye hawamo

Lakini si kila mutu anaonekana. Masikini hakuwa na kitu cha kuachia. Mwanamke mwenye bwana, mpaka sheria ya 1882, mara mingi hakuweza kufanya wosia bila bwana wake kukubali, juu mali yake ilihesabiwa ya bwana. Wajane na wanawake wenye hawakuolewa njo wanasema. Na wao, tofauti na wanaume, wanataja hata nguo na pete, na nani atavivaa.

Na kuko wenye wamo kwa namna ingine. Wazungu wenye walikuwa na mashamba mu Jamaika na Barbados waliandikisha wosia zao ku Canterbury, na ndani mwao wanaachia watoto watumwa kwa majina: fulani na mtoto wake kwa binti yangu, fulani kwa kijana wangu. Ni kusoma kwa uchungu. Lakini kwa jamaa nyingi za watu weusi wa visiwa vile, mahali babu yao anaonekana kwa jina ni pale, katikati ya mali ya mutu mwingine. Quashey angepotea kabisa kama hakuna mutu aliandika.

Karatasi nazo zinakufa. Mu mwezi wa 5 wa 1942, ndege za Wajerumani zilipiga mabomu ku mji wa Exeter, na wosia za jimbo la Devon zikaungua. Watu wa kule mpaka leo wanatafuta babu zao kwa kopi zenye biro ya kodi ilikuwa imeweka pembeni. Biro ile haikufikiri historia. Ilitaka tu kodi yake. Kopi njo iliokoa.

Na kwetu?

Sisi pia tunajua moto. Mwezi wa kwanza wa 2002, volkano ya Nyiragongo ilikula sehemu ya mji wa Goma, na karatasi za watu wangapi zilienda nayo. Vita imebeba zingine. Na wengi wetu tunategemea kichwa cha mzee: yeye njo anajua mipaka ya lupango, yeye njo anajua mtoto wa inje alizaliwa na nani. Siku mzee anafungwa macho, matanga inageuka kuwa palabre. Ndugu za marehemu wanabeba viti, mjane anafukuzwa, watoto wanaangalia.

Kode ya jamaa ya mwaka 1987, yenye ilirekebishwa 2016, inasema wazi: warizi wa kwanza ni watoto, wale wa ndoa pamoja na wale wa inje wenye baba aliwatambua akiwa muzima. Mjane iko mu kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu. Sheria inakubali wosia ya namna tatu: ile ya mbele ya notere ama ofisa wa etasivili, ile yenye mutu anaandika mwenyewe, na ile ya kinywa, mbele ya mashahidi, kwa mutu mwenye kifo kimemukaribia. Ile ya kuandika mwenyewe haiombe feza. Inaomba iandikwe yote kwa mukono wako, haiko kwa mashini, haiko kwa mukono wa kijana wako. Iwe na tarehe, na sahihi yako.

Wengi kwetu wanaogopa: kuandika wosia ni kuita kifo. Johnson naye alichelewa mpaka siku za mwisho, na kama angeacha tena juma moja, Barber angetoka mu nyumba ile mikono mitupu. Kwa hiyo, siku utaandika, usitaje tu lupango na gari. Taja watu: majina yote ya kila mtoto, jina la mama yake, mahali alizaliwa, jina la kijiji cha babu. Fanya kopi mbili. Moja ilale mu nyumba, ingine ilale mbali na nyumba, kwa mutu mwenye haiko murizi.