Mpiga Senema wa Gombe na Watu wa Mwambao

Msafiri atokaye Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kabla ya mpaka wa Burundi, akishika njia ya maji kuelekea Kigoma, hufuata ufuo wa Ziwa Tanganyika hata akaipita Mwamgongo. Baada ya hapo, upande wake wa kushoto, huiona milima yenye makorongo na msitu ambamo hamna shamba wala moshi wa jiko. Hiyo ndiyo Gombe. Abiria wa boti hawasimami kuitazama, kwani wameizoea kama mtu alivyouzoea ukuta wa nyumba ya jirani. Lakini twadhani hakuna pahala pengine katika Mkoa mzima wa Kigoma palipotazamwa na macho mengi ya watu wa Ulaya na Marekani kuliko vilima hivyo, na sababu yake kubwa ni kazi ya mtu mmoja aliyekuja na kamera mwaka 1962.

Mtu huyo aliitwa Hugo van Lawick. Jina la Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025, linajulikana kwa kila mtoto wa shule mkoani Kigoma. Jina la Bwana van Lawick halijulikani hivyo, ingawa picha zinazomjia mtu akilini anapomfikiria mama yule akiwa kijana kandokando ya ziwa ni picha alizozipiga yeye. Ndivyo ilivyo kazi ya mpiga picha: yeye huwa nyuma ya chombo, naye hawezi kuonekana pale anapoonyesha. Leo twataka kuieleza kazi yake, na pia kuuliza kwa haki ni mikono ya nani iliyoibeba.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1937 mjini Surabaya, katika nchi iitwayo sasa Indonesia, ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Waholanzi. Alipokuwa kijana alifika Nairobi, akafanya kazi kwa Armand na Michaela Denis, mume na mke waliokuwa wakitengeneza vipindi vya wanyama kwa ajili ya televisheni ya Uingereza. Huko ndiko alikojifunza ufundi: kuipima nuru, kuutia mkanda ndani ya kamera bila kuuonyesha jua, na kusafisha vumbi lisilokwisha. Dokta Louis Leakey, mchimbuzi wa mambo ya kale ambaye ndiye aliyempeleka Jane Goodall Gombe mwaka 1960, aliiona kazi yake akampendekeza kwa jumuiya ya National Geographic ya Marekani, iliyotaka picha za sokwe. Akafika Gombe akiwa na umri wa miaka 25.

Hapo inafaa tukae kidogo, maana mtu asiyejua kazi hii huidhani ni ya kubonyeza kitufe. Gombe haina barabara. Kila kitu kilifika kwa boti, nacho kutoka ufuoni kilipanda mabonde juu ya vichwa na mabega. Kamera ya senema na miguu yake mitatu ni mzigo wa kutosha mtu mzima, na Gombe hakuna bonde ambalo halianzi kwa mteremko na kuishia kwa mwinuko. Sokwe nao hawakuwa wakimngojea mtu. Walimkimbia. Mpiga picha alilazimika kujificha tangu alfajiri, hatikisiki, akiumwa na mbu na nzi, na siku nyingine jua lilikuchwa bila kupata hata hatua moja ya mkanda. Msitu ni giza na mkanda wa zamani ulihitaji nuru. Sokwe ni mweusi, hukaa kivulini. Halafu mkanda uliokwisha kupigwa haukuonekana palepale kama tuonavyo leo katika simu. Ulifungwa, ukasafirishwa kwa boti, kwa gari la moshi au kwa ndege, ukavuka bahari kwenda kusafishwa, na majuma mengi yakapita kabla ya mwenyewe kuarifiwa kama amepata kitu au ameharibu.

Mchikichi ndio uliomfungulia mlango. Yule sokwe dume aliyeitwa David Greybeard alikuwa amezoea kuja kambini kula mise za mchikichi uliokuwapo hapo, na baadaye akaja kwa ajili ya ndizi. Wengine wakamfuata. Kwa njia hii Bwana van Lawick aliweza kupiga kwa karibu yale aliyokwisha kuyaona Jane Goodall mwaka 1960: sokwe akichuma ujiti, akiusafisha majani, akiutumbukiza katika kichuguu na kuutoa ukiwa umejaa mchwa. Mpaka hapo wataalamu wengi walikuwa wakishikilia kwamba kutengeneza chombo ni kazi ya binadamu peke yake. Maandishi ya msichana asiyekuwa hata na shahada yangaliweza kupuuzwa. Mkanda haukuweza.

Lakini ndizi zilikuwa na bei yake. Sokwe wengi walipokusanyika mahali pamoja walipigana kuliko kawaida yao, na ulishaji ule ulipunguzwa baadaye. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia. Baadhi yao waliburuta mikono na miguu, wengine wakafa, nayo dawa ya kinga ikafichwa ndani ya ndizi wapate kuimeza. Twayataja haya kwa kuwa picha safi hazikupatikana bure, na mtazamaji aliyeketi kitini kwake hakuwa na njia ya kuijua gharama hiyo.

Mwaka 1964 Hugo na Jane walioana, na mwaka 1967 wakapata mtoto wa kiume. Mwezi Desemba 1965 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha filamu iliyotokana na mikanda ile, ikaelezwa kwa sauti ya Orson Welles. Mamilioni ya watu wakaijua Gombe kwa usiku mmoja. Hapa Tanzania Bara nani aliiona usiku ule? Hakuna. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970; Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Yaani mtu wa Mwamgongo aliyebeba sanduku la mikanda kutoka botini alikuwa na karibu miaka thelathini ya kungoja kabla televisheni haijaanza katika nchi yake, na baada ya hapo alihitaji pia umeme na chombo chenyewe.

Tena kuna jambo ambalo kila mfanyakazi angelitambua akiitazama filamu ile. Hadithi inayosimuliwa ni ya msichana aliye peke yake msituni. Sivyo ilivyokuwa. Serikali ya Kiingereza haikumruhusu kuja peke yake mwaka 1960. Alikuja na mama yake mzazi, Vanne, ambaye aliwagawia wavuvi dawa pale ufuoni, na pamoja nao alikuwapo mpishi, na wenyeji walioyajua mapito. Ufuo wenyewe ulikuwa na wavuvi wa dagaa waliovua usiku kwa taa na kuanika mchana juu ya kokoto. Wala kamera ya senema haikuwapo kabla ya mwaka 1962, kwa hiyo kila tuonacho katika filamu cha siku za kwanza kabisa kilirudiwa baadaye kwa ajili ya kamera. Hilo si kosa la ajabu. Waongozaji wa filamu hufanya hivyo kila siku. Ila mwongozaji akirudia jambo huchagua nani aingie katika picha na nani akae pembeni, na waliokaa pembeni walikuwa watu wa mwambao.

Hatusemi haya ili kumvunjia heshima marehemu. Tofauti na wengi, yeye alikaa. Kutoka Gombe alikwenda Ngorongoro na Serengeti, akaandika na mkewe kitabu juu ya fisi, mbweha na mbwamwitu, na mwaka 1966 wakaleta habari ya tai aina ya furukombe mweupe atupaye mawe kwa mdomo ili kuvunja yai la mbuni. Walipoachana mwaka 1974, yeye alibaki katika mahema yake huko Ndutu, upande wa kusini wa Serengeti, akaishi humo miaka mingi. Alifuata kundi moja la mbwamwitu hata akawajua mmojammoja, naye akafanya hivyo kwa chui na kwa duma. Filamu zake kwa televisheni zilimpatia tuzo za Emmy mara kwa mara. Mwaka 1996 alitoa filamu ya chui kijana kwa ajili ya majumba makubwa ya senema, na mwaka 1998 akatoa nyingine juu ya Serengeti ambayo haina msimulizi hata mmoja. Muziki na wanyama tu. Vijana waliotaka kujifunza kazi waliishi kambini kwake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 2 Juni 2002, akazikwa Serengeti. Mtu aliyezaliwa Surabaya akachagua kulala katika ardhi ya Tanzania. Hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa Gombe, kazi iliendelea bila yeye, nayo iliendelea kwa mikono ambayo filamu za kwanza hazikuijali. Mtaje Hilali Matama, aliyeanza kazi huko mwaka 1968. Tarehe 7 Januari 1974 yeye ndiye aliyeshuhudia madume ya kundi la Kasekela wakimshambulia mwenzao wa zamani aitwaye Godi, wakampiga na kumng'ata dakika kadhaa. Huo ulikuwa mwanzo wa kile ambacho ulimwengu ulikuja kukiita vita vya sokwe, vilivyodumu hadi mwaka 1978. Hakukuwa na kamera siku ile. Kulikuwa na macho ya mfanyakazi, na maelezo yake. Na mwezi Mei 1975, wapiganaji waliotoka ng'ambo ya ziwa, Zaire ya siku hizo, walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni pale Gombe, wageni waliondoka. Waliobaki kuwafuata sokwe kila siku na kuandika habari zao kwa Kiswahili ni Watanzania, wengi wao watoto wa vijiji hivi hivi vya ufuoni. Kama wasingalibaki, kungekuwa na shimo katikati ya utafiti ambao sasa umepita miaka sitini. Katika miaka iliyofuata baadhi yao walipewa kamera ndogo za video, wakapiga wenyewe.

Sasa tuitazame Kagunga yenyewe. Mwezi Mei 1915 katika maji haya zilikuwapo meli za vita za Wajerumani. Mwezi Mei 2015, miaka mia moja baadaye, kamera zilijaa. Burundi ilikuwa imechafuka, na watu makumi ya maelfu waliteremka milimani wakaingia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, kisichokuwa na vyoo wala visima vya umati kama ule. Kipindupindu kikaingia, na zaidi ya watu 30 wakafa. Meli ya Liemba, ileile iliyoundwa na Wajerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916 na kuopolewa na Waingereza mwaka 1924, ilikwenda na kurudi ikiwachukua mamia kila safari hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Nyarugusu. Wapiga picha walifika, wakapiga, wakaondoka. Picha zao zilikuwa za kweli na zilisaidia kuleta msaada. Lakini hazikumwonyesha mwenye nyumba wa Kagunga aliyetoa ua wake, wala mvuvi ambaye ufuo wake wa kuanikia dagaa uligeuka malazi, wala hali ya kijiji mwezi wa sita baada ya wageni kuondoka. Kuyaonyesha hayo kungehitaji mtu wa kukaa, kama yule alivyokaa kumngoja sokwe atoke kivulini.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2017, mtengenezaji filamu wa Marekani Brett Morgen alitoa filamu iitwayo Jane. Ilitokana na zaidi ya saa mia moja za mikanda ya Bwana van Lawick iliyokuwa imewekwa ghalani, ikadhaniwa imepotea, hata ilipopatikana mwaka 2014. Mikanda hiyo haikuwa na sauti. Mafundi walilazimika kuitafutia sauti ya kila jani na kila ndege. Rangi zake, wasemavyo waliyoiona, ni kama za jana. Sifa zote zilizotolewa zilikuwa haki.

Ndani ya saa zile mia na zaidi, zilizo nyingi hazikuingia katika filamu yoyote. Kila siku ya kazi ya Gombe ilianza na kuishia ufuoni, na kamera iliyotumika miaka kadhaa mahali pamoja haiwezi kukosa kunasa boti likishushwa mizigo, mtumbwi ukipita, mtu akichochea moto. Jambo tunaloliomba ni dogo. Nakala ya mikanda hiyo iletwe Kigoma, itunzwe katika nyumba ya kumbukumbu iliyo wazi kwa wananchi, isimuliwe kwa Kiswahili, kisha ipandishwe botini pamoja na turubai jeupe na mashine ya umeme, ionyeshwe usiku Mwamgongo, Mtanga na Kagunga. Wapo wazee huko ambao wangeweza kusimama mbele ya turubai, wakaonyesha kwa kidole, na kutaja majina ya watu wanaopita pembeni mwa picha. Wazee hao wanapungua kila mwaka.