Pasaka Ndani ya Bei ya Riba

Jumanne, 1 Aprili 2025, benki inauza mkataba kwa yuro. Mnunuzi amelipia haki ya kuamua, mwaka mmoja baadaye, kama ataingia kwenye makubaliano ya miaka 5 ya kubadilishana riba: yeye alipe riba isiyobadilika, mwenzake alipe riba inayopanda na kushuka na soko. Kubadilishana huko huitwa swopu, na haki ya kuingia humo ni swopsheni. Siku ya kuamua inaangukia Jumatano, 1 Aprili 2026. Swopu yenyewe inaanza lini?

Desturi ya soko la yuro ni siku 2 za kazi baada ya uamuzi. Mwenye haraka atajibu Ijumaa, tarehe 3. Lakini hiyo ni Ijumaa Kuu. Kalenda inayofuatwa ni ya TARGET, mfumo wa malipo wa benki kuu za nchi za yuro, nao hufungwa kila Jumamosi na Jumapili, Mwaka Mpya, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, na tarehe 25 na 26 Desemba. Alhamisi ndiyo siku ya kwanza. Ya pili haipatikani hadi Jumanne, 7 Aprili. Swopu imesogea siku 4, na malipo yake yote hadi 2031 yamesogea nayo.

Siku 4 zina uzito gani katika mkataba wa miaka 5? Mkaguzi wa vipimo anapofika sokoni huja na mawe ambayo uzito wake unajulikana, akayaweka juu ya mizani ya muuza nyama. Mtaalamu wa modeli za riba hufanya vivyo hivyo, na mawe yake ni swopsheni ambazo soko linazitajia bei kila siku. Huchukua modeli, tuseme ile ya John Hull na Alan White ya 1990, akageuzageuza vigezo vyake mpaka itoe bei zile zile za soko, kisha akaitumia kuthamini mkataba usio na bei ya wazi. Jiwe likiwa na kasoro, mizani itaonekana sawa, na kila kitakachopimwa baadaye kitakosewa.

Hapo ndipo penye hatari ya kosa la tarehe: halipigi kelele. Haki ya mwezi mmoja iliyouzwa Jumatatu, 2 Machi 2026 inafikia ukomo Alhamisi, 2 Aprili, siku 31 baadaye. Kwa sababu ya Pasaka, swopu yake inaanza Jumatano, tarehe 8. Programu ikiichukua siku ya kuanza kuwa ndiyo siku ya kuamua, modeli inaamini riba imepewa siku 37 za kuyumba. Bei ya soko ni ile ile, hivyo modeli inaupunguza myumbo wenyewe ili hesabu ikubali. Myumbo unapohesabiwa kwa kipeuo cha pili cha muda, unatoka pungufu kwa takriban asilimia 8. Hakuna onyo lolote kwenye skrini.

Kosa la pili limejificha kwenye malipo ya kila mwaka. Kwa swopu yetu ya kwanza, 7 Aprili 2029 ni Jumamosi, kwa hiyo malipo yanasogezwa hadi Jumatatu, tarehe 9. Programu inayojumlisha mwaka juu ya tarehe iliyokwisha kusogezwa itatoa 9 Aprili 2030, kisha 9 Aprili 2031. Sahihi ni 8 Aprili 2030, maana tarehe 7 ni Jumapili, na 7 Aprili 2031. Kila tarehe ihesabiwe kutoka kwenye nanga yake ghafi, yaani tarehe ambayo bado haijasogezwa, na kusogeza kuje mwisho. Kusogeza nako kuna mpaka: 31 Januari 2026 ni Jumamosi, na kwa kanuni iliyozoeleka malipo hayavuki kwenda Februari, yanarudi Ijumaa, tarehe 30.

Fedha zinazoguswa na kusogeza huko si haba. Kwa hesabu ya mwaka wa siku 360 na miezi ya siku 30, kipindi cha 7 Aprili 2028 hadi 9 Aprili 2029 kina siku 362. Juu ya yuro milioni 100 kwa riba ya asilimia 2.5, malipo ni takriban yuro 2,513,889 badala ya 2,500,000.

Kazi inakuwa ngumu zaidi kwa mkataba wa miaka 10 unaoweza kuvunjwa kila mwaka. Siku ya kwanza mawe yanapangika vizuri: haki ya mwaka 1 juu ya swopu ya miaka 9, ya miaka 2 juu ya 8, hadi ya 9 juu ya 1, zote zikiishia siku moja. Miezi 3 ikipita, mkataba umebakiza miaka 9 na miezi 9, ilhali soko linaendelea kutaja bei za miaka kamili. Njia bora ni kutengeneza mawe yenye tarehe za mkataba wenyewe, zikihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho ili kipande kisichotimia kibaki mwanzoni, na kukadiria myumbo wake kati ya bei za soko zilizo jirani. Wanaochanganya mawe ya aina zote mbili hujikuta na tarehe mbili za kuamua zilizoachana siku moja au mbili. Modeli hapo inalazimika kueleza tofauti yote ya bei ndani ya muda huo mdogo, na kigezo chake cha myumbo kinaruka ovyo.

Pasaka angalau hujulikana karne nyingi mbele. Sikukuu nyingine huja ghafla: Malkia Elizabeth II alifariki 8 Septemba 2022. Siku 2 baadaye Uingereza ikaitangaza 19 Septemba kuwa sikukuu, na ratiba za pauni zilizoihesabu kuwa siku ya kazi ikabidi zitengenezwe upya. Kwa shilingi ya Kenya au Tanzania jambo hili si la nadra, kwani Idd el-Fitr husubiri mwezi kuandama. Ratiba ya huku inahitaji kutunza tarehe ghafi na kanuni ya kuisogeza pamoja na jibu la leo, ili ihesabiwe tena mwezi ukionekana.