Kamba mpya haitoshi: angalieni inafungwa wapi

Hapa kwetu Rugenge, asubuhi mapema, tunaona mafuso yanapakia kwa safari ya Fizi na Misisi: motopompu, gurupe ya umeme, saruji, mafuta, unga. Juu ya mzigo wanapanda vijana wetu wachimbaji. Mama anapunga mkono, gari linaondoka. Hakuna mwenye kuuliza: ile motopompu imefungwa wapi?

Sisi wa sendika pia tuliuliza kwa kuchelewa. Siku moja shofere alikanyaga freni ghafla kwenye mteremko. Ndoano iling'oka pamoja na kipande cha ubao, motopompu ikateleza mpaka mbele. Ndugu yetu alikuwa amekaa katikati ya mzigo na kabine. Mguu wake haukupona sawasawa, na leo hashuki tena shimoni. Ile kamba ilikuwa mpya, na haikukatika. Kilichotoka ni mahali ilipofungwa.

Basi tulienda kwa mafundi wa gari na masudere, tukaingia nao chini ya fuso. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Nguvu ya gari iko kwa shasi, yaani vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele mpaka nyuma, na kwa vyuma vya kukingama vinavyolalia juu yake. Mbao na bati ni nguo tu. Namna ya kupata chuma: fuata mstari wa vichwa vya bulo kwenye sakafu, juu ya chuma kinapita pale. Halafu gonga na nyundo. Penye utupu panalia kama ngoma, penye chuma sauti inakuwa fupi na nzito. Kisha ingia chini, uone kwa macho yako. Usiamini rangi.

Ndoano isipigwe misumari. Bulo ipite mpaka upande wa chini, na nyuma yake kuwe na kipande cha chuma kipana kama kiganja, ili nguvu isambae na bulo isipasue ubao. Ekru nayo ifungwe mbili mbili, juu ya barabara yetu inalegeza kila kitu.

Shasi yenyewe usitoboe ovyo, zaidi ukingo wake wa juu na wa chini. Tundu pale linaweza kuanzisha ufa. Afazali chuma cha umbo la U kinachoikumbatia bila kuitoboa. Angalia pia usibane mipira ya freni wala nyaya za umeme. Na kama ni kusude, waya wa batri utolewe kwanza.

Mzigo unasukuma kiasi gani? Huko Ulaya, kanuni inataka kifungo kizuie mbele nguvu ya 8 kwa 10 ya uzito, na nusu ya uzito kwa kando na nyuma. Motopompu ya kilo 200 inaomba basi nguvu ya kilo 160 kwa mbele na 100 kwa kila upande. Msumari hauwezi. Mpira wa chambre à air nao unavutika. Ni wa turubai, si wa chuma.

Barabara hii tunaijua. Pale Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, moto ukaua watu zaidi ya 230. Hatusemi ilikuwa kamba. Tunasema barabara haisamehe.

Nani alipe bulo? Code minier ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inatutaka wachimbaji tuwe ndani ya koperative. Koperative ina rais na ina sanduku. Pesa ya motopompu ikipatikana, pesa ya kuifunga ikose namna gani? Bei ya ndoano nne na bulo zake haifiki bei ya mguu mmoja.

Kwa hiyo, wandugu, kabla ya kupanda tuulize mambo matatu: Kimefungwa kwa chuma au kwa ubao? Pembe zote nne zimeshikwa? Kuna mtu amekaa kati ya mzigo na kabine? Jibu moja likiwa baya, gari lingoje.

Na ninyi mama zetu, mnaposindikiza mtoto, msiangalie sura yake tu. Shikeni ile ndoano, mtikise kwa nguvu. Ikicheza, mshusheni.