Kabla Hujalipia Spana

Barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, na malori yaendayo Zambia na Kongo huipita usiku na mchana. Likiharibika moja karibu na mji mdogo wa Mikumi, fundi huitwa aje na kisanduku chake. Hapo ndipo zana mbovu humwaibisha mtu: spana inapanuka mdomo, nati inalika pembe, na kazi ya dakika kumi inageuka ya kukata kwa tindo.

Vijana wanaomaliza chuo cha ufundi cha VETA Mikumi hushawishika kununua seti nzima inayong'aa, vipande vingi kwa bei ya kutupa. Mimi nasema wanunue vichache. Spana tano za saizi zinazotumika kila siku, nyundo, plaizi, bisibisi mbili na tupa nzuri zinatosha kuanzia. Nyingine zifuate pesa ikipatikana.

Ukiwa dukani, usiishie kwenye alama ya Cr-V inayodai chuma ni bora, maana kuchonga herufi hakumshindi mtu. Omba nati, ivishe kwenye spana, uitikise. Ikicheza, rudisha. Pitisha tupa kidogo kwenye ncha ya bisibisi: ikiteleza, chuma ni kigumu, ikila kama inavyokula msumari, usilipe. Nyundo ya chuma cha kusubu ikwepe kabisa. Hupasuka, na kipande chake kikiruka kinaweza kumtoa mtu jicho. Mpini nao utazame: nyuzi za mti ziende sambamba na urefu wake, zisikatize.

Kwa patasi na tindo, mhunzi anaweza kumshinda mwenye duka. Springi ya gari iliyokufa ni chuma chenye nguvu, na malori huziacha nyingi njiani. Mhunzi huipasha hadi iwe nyekundu, huifua, kisha huizima, mara nyingi kwenye oili chakavu, maana maji huweza kuipasua. Akiishia hapo, ncha itakatika kama kioo. Anayeijua kazi huisugua ing'ae, huirudisha motoni taratibu na kuvizia rangi ikitembea kuelekea kwenye makali: manjano ya majani makavu, halafu kahawia. Hapo huizima tena. Ukiipeleka kwenye mashine ya kunolea ikageuka bluu, ugumu umeondoka. Ndiyo maana ya kuichovya majini kila mara unaponoa.

Ufundi huohuo wa uhunzi, kando ya hifadhi, umewahi kutumika kuunda magobore ya majangili. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hairuhusu kutengeneza silaha bila kibali, na bomba lililochomelewa uani linaweza kumlipukia mwenyewe usoni. Mhunzi mwenye mkono mzuri ana kazi tele ya halali kwenye majembe, mapanga na patasi za maseremala.

Zana ikishapatikana, ni kuitunza, na Kilosa mjini adui mkubwa ni kutu. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yaliingia majumbani na kung'oa reli. Hata mwaka usio na mafuriko, unyevu wa masika unatosha kuharibu tupa. Isugue kwa brashi ya waya, iweke peke yake, isigongane na spana. Zana nyingine zifute kwa kitambaa chenye oili kidogo kila jioni, kabla ya kufunga kisanduku.